Bibi Asiyefumba Mdomo

Kikaragosi cha mota kilichowasilishwa na wanafunzi wetu wa somo la fonolojia kimetupendeza machoni kuliko masikioni. Katika bungua bongo walichagua bibi msimulizi wa ngano, wakamuunda kwa boksi, waya na mota ndogo inayogeuka nyuzi 180. Sampuli ya kwanza ilifungua mdomo mara moja kwa kila silabi. Kwa "kitabu" hesabu ilikubali: ki-ta-bu, mara tatu. Lakini "mtu" lina silabi mbili, na ile ya kwanza, m, hutamkwa midomo ikiwa imefumbwa! Bibi akaachama palepale.

Hatuilaumu mota. Wengi hapa Uganda, kwa mazoea ya "omuntu" la Kiganda, husema "mutu", na kikaragosi kimerithi lafudhi ya waliokiunda. Waliandika programu kabla ya kutazamana midomo. Farasi Joey wa tamthilia ya War Horse, iliyoanza London mwaka 2007, hana mota hata moja. Waendeshaji wake watatu humfanya aonekane anapumua.

Sampuli ya pili ifuate irabu: a ifungue mdomo zaidi ya i na u, m, b na p ziufumbe. Macho ya kuzunguka yanaweza kusubiri.