Bumbire Ilivyoonekana kutoka Chomboni

Jina la kisiwa hiki lina sura tatu. Stanley aliliandika Bumbireh. Wengine huandika Bumbire. Na kata yake, katika Wilaya ya Muleba, huitwa Bumbile. Mgeni anayelitafuta katika maandishi ya kuelekeza watalii hulikuta mara nyingi limefungwa na mwaka mmoja tu, 1875, kana kwamba kisiwa kilizuka majini mwaka ule na kuzama baada yake. Huambiwa kiko kusini ya Bukoba, katika Ziwa Viktoria, na kwamba Stanley alipigana hapo. Namna ya kumwamkia mwenyeji haimo.

Mazoea haya yanatokana na kitabu cha Stanley, Through the Dark Continent, kilichotoka mwaka 1878. Kukinyima kitabu hicho ustadi wake ni kujidanganya. Tarehe 28 Aprili 1875 mashua yake, Lady Alice, ilikwenda Bumbire kutafuta chakula. Ikakokotwa hadi nchi kavu na watu wakiwa ndani, na makasia yakachukuliwa. Wakafanikiwa kuisukuma tena majini, bunduki zikalia, nao wakang'oa mbao za mashua ili wapigie kafi. Msomaji hushika roho. Lakini jicho linalotazama haliteremki chomboni hata mara moja. Kuchukua makasia, kwa mtu wa kisiwani, kwaweza kuwa njia ya kumzuia mgeni asiondoke kabla shauri lake halijakatwa. Mwandishi ameliona hilo kuwa dalili ya mauaji tu, na tangu hapo waelekezaji wa njia wamemfuata bila kuuliza.

Msomaji wa pwani ana sababu ya kukisoma kisa hiki kwa uangalifu zaidi. Waliokuwa ndani ya mashua hawakuwa Wazungu, isipokuwa mmoja. Walikuwa Waungwana waliochukuliwa Unguja, na aliyetangulizwa kusema na wenyeji alikuwa Safeni, mshika usukani. Stanley anausifu utulivu wake. Hayo ndiyo mazungumzo ya kwanza yanayojulikana kuandikwa kati ya mtu wa Unguja na watu wa Bumbire, na yote tuliyobakiwa nayo ni Kiingereza cha mtu wa tatu. Mfasiri atakayeirudisha sura hiyo katika Kiswahili atajikuta anamrudishia Safeni maneno ambayo huenda hakuyatamka.

Tarehe 4 Agosti Stanley alirudi na mitumbwi mingi, akawapiga risasi watu waliokusanyika ufukoni. Makumi waliuawa, wakiwa na mikuki na makombeo yasiyofika yalikolengwa. Shekka, mtawala wa kisiwa, alikwisha kuwa mateka wake. Kitabu chenyewe kinalitaja hilo, bila kutaabishwa nalo. Barua zake zilipochapishwa katika magazeti mwaka 1876, hata Uingereza walikuwapo waliolalamika. Malalamiko hayo hayakuingia katika miongozo. Kilichoingia ni ujasiri.

Upande wa pili wa ziwa hilohilo kuna kitabu cha kulinganisha. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alikamilisha riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, nayo ikatoka mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Wengi huilaumu kwa urefu na kwa kusimama kila mara kueleza desturi. Lawama hiyo ina haki yake, maana zipo kurasa zinazochosha. Hata hivyo, anayetaka kujua mtu anafikaje mjini kwa watu wa ziwani atajifunza humo kuliko katika mwongozo wowote. Myombekere anakwenda kwa wakwe kumtafuta mke aliyechukuliwa na wazee wake. Hapewi mpaka alete pombe ya ndizi, na kila hatua ya kuitengeneza inaelezwa. Mwandishi hamharakishi mgeni. Anamwacha angoje uani, asikilize anavyosemwa.

Bumbire haikupata Kitereza wake. Wahaya wana nanga, na wana utendi wa Mugasha, bwana wa ziwa na dhoruba zake. Hao hawamo katika karatasi anazopewa mtalii. Anayevuka kutoka Muleba anasafiri na wachuuzi wa dagaa na sangara, akiwa na Stanley mkobani, na ufukoni anapokelewa na watu ambao kitabu chake kiliwaona wakikimbia.