Swali moja la sensa linavyozimeza lugha ndogo za Ufilipino

WIKI hii ningependa tulihakiki jedwali moja ambalo wanaisimu wengi hulinukuu bila hata kulikuna kichwa. Ni jedwali la Mamlaka ya Takwimu ya Ufilipino kuhusu lugha zinazozungumzwa nyumbani, lililotokana na sensa ya mwaka 2020. Linaarifu kwamba Kitagalog huzungumzwa katika asilimia 39.9 ya nyumba za nchi hiyo, Kibisaya asilimia 16.0, Kihiligaynon 7.3, Kiilokano 7.1 na Kisebuano 6.5.

Msomaji makini ataona kioja mara moja. Kibisaya na Kisebuano vimetengewa mistari miwili, ilhali wengi wanaosema kwamba wanazungumza Kibisaya huzungumza kile kile ambacho wataalamu hukiita Kisebuano. Karani wa sensa aliandika jina alilotajiwa mlangoni, basi. Hilo mimi silioni kuwa dhambi kubwa kwa sababu anayetaka anaweza kuzijumlisha hesabu hizo. Kinachonikera ni kile kisichoweza kujumlishwa kwa kuwa hakikuandikwa kabisa.

Hebu tuitazame General Nakar, manispaa ya mashambani katika mkoa wa Quezon, kisiwani Luzon. Mbele yake ni Bahari ya Pasifiki na nyuma ni milima ya Sierra Madre. Wakazi wake wengi huzungumza Kitagalog. Hata hivyo, humo humo wanaishi Wadumagat, wenye lugha ambayo wanaisimu huiita Kidumaget cha Umiray, na Waremontado, ambao lugha yao ni Hatang Kayi. Neno ‘remontado’ ni la Kihispania na lina maana ya waliopanda mlimani, yaani waliokimbia utawala wa wakoloni. Kuna wakati wataalamu waliipa lugha hiyo jina Sinauna, yaani ‘ya kale’, kana kwamba ni Kitagalog cha mababu. Si kweli. Kinasaba, lugha hiyo inakaribiana na Kikapampangan na lugha za Kisambal kuliko Kitagalog. Leo hii wanaoimudu ni wachache na wengi wao ni wazee.

Sasa mchukue karani umpeleke katika nyumba ambamo bibi huzungumza Hatang Kayi na dadake, mwanawe ameoa Mtagalog, nao wajukuu wanacheza uani kwa Kitagalog. Karani anauliza: kwa kawaida mnazungumza lugha gani hapa nyumbani? Nafasi ya jibu ni moja. Mwana atasema Kitagalog, na hatakuwa amesema uongo. Lakini bibi na dadake hawamo tena katika hesabu. Isitoshe, nyumba yenye lugha mbili imegeuzwa kuwa ya lugha moja kwa mpigo mmoja wa kalamu!

Wapo watakaoniambia kwamba hizi ni hoja za wasomi wasio na kazi. Wacha basi tuangalie sheria. Mnamo Desemba 30, 1937, Rais Manuel Quezon, ambaye mkoa huo sasa una jina lake, alitangaza Kitagalog kuwa msingi wa lugha ya taifa. Mwaka 1959 lugha hiyo ikaitwa Pilipino na katiba ya 1987 ikaiita Filipino. Kwa hivyo, mtoto wa Mtagalog wa General Nakar akienda shuleni huikuta lugha ya kwao ikimsubiri mlangoni.

Sheria nambari 10533 ya mwaka 2013 iliagiza kwamba watoto wafundishwe kwa lugha ya mama hadi gredi ya tatu. Wizara ya elimu ilikuwa imeanza na lugha 12, Kitagalog kikiwemo, kisha zikafika 19. Kidumaget hakikuwemo, wala Hatang Kayi. Halafu Oktoba 2024 ikaja sheria nambari 12027 iliyorejesha Filipino na Kiingereza kama lugha za kufundishia. Lugha ya mama ikaruhusiwa tu katika darasa ambamo wanafunzi wote wana lugha moja ya kwanza, tena iwe lugha yenye othografia rasmi, msamiati uliochapishwa, fasihi, kitabu cha sarufi na walimu.

Mtoto wa Mtagalog amepoteza nini hapo? Karibu hakuna. Na wa Mdumagat? Ili lugha yake iingie darasani inahitaji vitabu. Ili itengewe fedha za vitabu, sharti kwanza ionekane kwamba ina wazungumzaji. Wazungumzaji wenyewe ndio hao waliomezwa na jedwali.

Mkenya asicheke. Sensa yetu ya 2019 iliuliza kabila, nasi tukakisia lugha. Waelmolo wa Ziwa Turkana wana mstari wao katika hesabu hiyo, ilhali lugha yao ya asili ilishamezwa na Kisamburu. Jedwali la Wafilipino linaificha lugha iliyo hai. Letu linamfanya mgeni adhani kwamba iliyokufa bado inapumua.

Sikubaliani na wanaodai ati sensa haiwezi kuuliza zaidi. Kanada huuliza kila mtu lugha aliyojifunza kwanza utotoni, ile anayoitumia zaidi nyumbani na nyingine anazozitumia huko mara kwa mara. Kwa Ufilipino ningeongeza jambo moja: mzazi aulizwe ni lugha gani anayowasemesha wanawe. Maswali hayo yakiulizwa kwa kila mtu, wala si kwa kila nyumba, bibi yetu wa Sierra Madre ataandikwa kwa Hatang Kayi, mjukuu kwa Kitagalog, nasi tutajua ni kizazi kipi kati yao kilichoiachilia lugha.