Sifa za Anayeihoji Namba

Njiro, kusini-mashariki mwa jiji la Arusha, inajulikana na wengi kwa nyumba zake, kwa Chuo cha Uhasibu na kwa Mlima Meru unaoonekana vizuri asubuhi kabla mawingu hayajaufunika. Wachache wanajua kwamba hapohapo ziko maabara za Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania. Tume hiyo iliundwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 2003, ikarithi kazi za Tume ya Taifa ya Mionzi iliyotokana na sheria ya mwaka 1983. Mfanyabiashara anayesafirisha nafaka nje ya nchi hukutana nayo kwenye karatasi: cheti kinachosema mzigo wake umepimwa mionzi.

Kati ya gunia la maharage na cheti, katika maabara yoyote ya aina hii duniani, kuna kigunduzi, kuna kompyuta na kuna programu ya hesabu na takwimu. Kuna pia kazi moja isiyo na sare wala cheo. Ni kazi ya kusaka hitilafu pale programu inapogoma kutoa jibu, au, jambo la hatari zaidi, inapotoa jibu safi ambalo si la kweli. Kazi hiyo ni ufundi kamili, na kwetu haijasifiwa inavyostahili.

Tuanze na kinachopimwa. Sampuli hukaushwa, husagwa, hujazwa kwenye chombo, kisha huwekwa juu ya fuwele ya germaniamu inayopozwa kwa naitrojeni kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Pembeni hujengwa ukuta mnene wa risasi kuzuia mionzi ya nje. Kila mwali wa gama unaogonga fuwele huandikwa nguvu yake kwa kipimo cha keV, na baada ya saa kadhaa kompyuta huwa na mchoro wenye vilele. Kilele cha keV 661.7 ni cha seziamu-137, kitu ambacho ajali ya Chernobyl ya Aprili 1986 ilikitawanya hewani, mataifa mengi yakaanza kuutazama upya unga wa maziwa unaotoka ng'ambo. Kilele cha keV 1460.8 ni cha potasiamu-40, ambayo imo katika kila punje ya haragwe, kila ndizi na kila mwili wa binadamu. Programu huhesabu eneo la kilele, hutoa mionzi ya chumba, kisha hugawanya kwa ufanisi wa kigunduzi, kwa muda wa kupima na kwa uzito wa sampuli. Mwisho hutoka idadi ya bekereli, kipimo cha mionzi, kwa kilo. Kila hatua kati ya hizo ina mlango wake wa kosa.

Msaka hitilafu mzuri haanzi kwa kutafuta anachokihofia. Anaanza na kile ambacho lazima kiwepo. Maharage yasiyo na potasiamu hayajawahi kuota duniani, kwa hiyo kilele cha 1460.8 kikikosekana, tatizo liko kwenye chombo au kwenye faili. Kilele kikiwepo lakini kimesimama kwenye 1463, jambo lingine limetokea: kipimo cha nguvu kimehama, pengine tangu umeme ulipokatika na kurudi, na programu inayotafuta seziamu kwenye 661.7 inaweza kuipita bila kuiona. Itaandika "haikupatikana" kwa adabu zote. Anayesoma jedwali la mwisho peke yake atashukuru. Anayefungua mchoro wenyewe atasimamisha kazi.

Kuna makosa yanayojificha vizuri zaidi. Chukua maabara inayopima ufanisi wa kigunduzi chake kwa chanzo cha mionzi chenye viini mchanganyiko, kilichonunuliwa na cheti chake. Cheti kinasema nguvu ya chanzo ilipimwa tarehe 01/07, yaani Julai mosi kwa mwandiko wa Kiingereza ambao na sisi tunautumia. Kompyuta ya maabara imewekwa mpangilio wa Kimarekani, ikasoma Januari 7. Hakuna taa nyekundu itakayowaka, maana tarehe zote mbili ni halali. Ila programu sasa inaamini kwamba chanzo kimezeeka kwa siku 175 zaidi ya ukweli. Kobalti-57, ambayo nusu-maisha yake, yaani muda wa nguvu yake kupungua hadi nusu, ni siku 272 hivi, inahesabiwa kuwa imebaki asilimia 64 tu ya nguvu yake halisi. Kobalti-60, yenye nusu-maisha ya miaka 5.27, inapunjwa kama asilimia 6. Seziamu-137, yenye miaka 30, inapunjwa asilimia 1.

Sasa angalia ubaya wa jambo hili. Anayekagua mfumo kwa seziamu peke yake ataona kila kitu kiko sawa. Lakini upande wa nguvu ndogo, kwenye keV 122 ambako kobalti-57 inapimia, ufanisi umepandishwa zaidi ya nusu juu ya unapostahili, na kila sampuli itakayopimwa pale itaonekana ina mionzi pungufu. Fundi hupangaje mawazo yake? Hapekui programu nzima. Anaandika makosa kwa mstari: 36, 6, 1. Pembeni anaandika nusu-maisha: siku 272, miaka 5, miaka 30. Kadiri maisha yanavyokuwa mafupi, ndivyo kosa linavyokuwa kubwa. Kigunduzi kibovu hakijui nusu-maisha ya kitu, wala chombo kilichowekwa vibaya hakijui. Wakati pekee ndio unaoweza kuchagua hivyo, kwa hiyo kosa liko kwenye tarehe. Anafungua sehemu moja tu na kulikuta.

Mfano wa pili unatoka kwenye R, programu ya takwimu iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya 1990. R ni ya bure, ndiyo maana imeenea vyuoni kwetu. Mwanafunzi analeta safu ya matokeo ya udongo, bekereli kwa kilo: 41.2, 38.7, <0.9, 55.0, 112.4. Alama ya "<" imewekwa na maabara kwa haki kabisa, kumaanisha kwamba kilichokuwepo ni kidogo kuliko uwezo wa kigunduzi kukiona. Lakini alama hiyo moja inaigeuza safu nzima kuwa maneno. Katika matoleo ya R ya kabla ya Aprili 2020, maneno hayo yaligeuzwa kimyakimya kuwa makundi yaliyopangwa kialfabeti, na ukiyalazimisha kurudi kuwa namba ulipewa nambari za makundi: 4, 3, 1, 5, 2. Udongo wenye mionzi mingi kuliko wote, ule wa 112.4, sasa unasomeka 2. Wastani unatoka 3 kamili, bila onyo lolote, na mchoro unachorwa vizuri kwa rangi.

Toleo la 4.0.0 liliacha mtindo huo. Siku hizi R inaacha pengo mahali pa "<0.9", inatoa onyo, na wastani unakataa kutoka. Watu wengi hujibu kukataa huko kwa amri ya kuruka mapengo. Wastani unatoka, 61.8, na kila mtu anarudi kwenye chai. Lakini kilichorukwa ni kile kilichokuwa kidogo kuliko vyote, na katika seti yenye sampuli mia, thelathini kati yake zikiwa na alama ile, kuziruka kutaupandisha wastani wa eneo zima. Onyo lilikuwa msaada, likachukuliwa kuwa usumbufu.

Mfano wa tatu hauna hitilafu ya programu hata kidogo, na ndio unaopima ufundi wenyewe. Kusini-magharibi mwa Arusha, karibu na Ziwa Manyara, kuna fosfeti ya Minjingu inayotengenezwa mbolea, na mwamba wake una urani nyingi kuliko udongo wa kawaida. Ukipima sampuli yake utaona kilele kizuri kwenye keV 186. Maktaba ya programu inasema hiyo ni radiamu-226, yenye mwali wa 186.2. Ni kweli, ila urani-235 nayo ina mwali wa 185.7, na kigunduzi hakiwezi kuitenganisha miali miwili iliyopishana nusu ya keV. Kwenye mwamba ambao urani yake ya asili imekaa na vizazi vyake bila kuvurugwa, katika kila hesabu mia za kilele hicho, hamsini na saba hivi ni za radiamu na zinazobaki ni za urani. Anayeiachia programu ataripoti radiamu mara 1.75 ya iliyopo. Dawa yake haimo kwenye menyu yoyote. Chombo kinazibwa kabisa, kinaachwa kama wiki nne ili gesi ya radoni, yenye nusu-maisha ya siku 3.8, ijae na kutulia, halafu radiamu inasomwa kupitia wajukuu zake, risasi-214 kwenye 351.9 na bismuthi-214 kwenye 609.3. Hapo msaka hitilafu amelazimika kutoka kwenye takwimu na kurudi kwenye fizikia na jiolojia.

Ndiyo maana naukataa msemo kwamba hii ni kazi ya "watu wa kompyuta". Kompyuta ni mahali ambapo kosa huonekana, si lazima liwe limezaliwa hapo. Mwanafunzi anakuja kwa msaka hitilafu na kompyuta mpakato yake mikononi.

"Dada, programu imegoma."

"Imegoma kufanya nini?"

Swali hilo fupi ni nusu ya kazi. Wengi hawajui programu imeombwa nini. Wanajua tu walichotarajia. Baada ya swali hilo zinafuata taratibu ambazo kila fundi wa namba anazo, hata kama hakuzisoma popote. Badili kitu kimoja kwa wakati mmoja. Punguza faili mpaka ibaki mistari mitano yenye kosa lilelile. Ipe programu data ambazo jibu lake unalijua tayari. Andika toleo la programu, tarehe na ulichobadili. Na mwonyeshe mwenzako faili kama lilivyo, na aibu zake zote, kwani mficha uchi hazai.

Wahasibu wanaofundishwa palepale Njiro wana tabia ninayoifananisha na hii. Hesabu ya siku ikipishana shilingi moja, mhasibu mzuri hatoi shilingi mfukoni kuijazia. Anakaa kuitafuta, kwa sababu shilingi moja inaweza kuwa makosa mawili makubwa yaliyokaribia kufutana.

Lakini kipimo kigumu zaidi cha ufundi huu ni jibu zuri. Huko Gigiri, Nairobi, kituo cha kilimo mseto cha ICRAF kina maabara inayosoma udongo kwa mwanga. Mwaka 2002 Keith Shepherd na Markus Walsh walionyesha, kwa sampuli zaidi ya 1,000 kutoka mashariki na kusini mwa Afrika, kwamba mwanga unaorudishwa na udongo unaweza kutumika kukadiria sifa zake nyingi kwa haraka kuliko kemia ya kawaida. Njia hiyo imeenea, na mtego wake umeenea nayo. Udongo mmoja husomwa mara kadhaa ili kupunguza makosa. Mtafiti akiigawa data yake ovyo, mistari ya kufundishia programu huku na ya kuijaribia kule, udongo uleule hukaa pande zote mbili. Programu inaulizwa mtihani ambao majibu yake ilishayaona, na inapata alama 97 kwa mia. Nani ataenda kutafuta kosa kwenye alama 97? Matokeo mabaya yana wapelelezi wengi. Mazuri hupita getini bila kupekuliwa. Anayeyapekua mazuri, akijua kwamba akilipata kosa atashusha alama zake mwenyewe na kuchelewesha ripoti yake mwenyewe, huyo ndiye ninayemsifu.

Sifa hizo zigeuke kuwa utaratibu. Mipango ya utafiti katika vyuo vyetu hutenga siku za kwenda uwandani, siku za maabara na siku za kuandika. Muda wa kuhakiki hesabu haumo, na hivyo hufanywa usiku, kwa bando la mtu binafsi. Wasimamizi wautenge. Ripoti zitaje toleo la programu lililotumika na namna thamani zilizo chini ya uwezo wa kigunduzi zilivyoshughulikiwa. Aliyelipata kosa kabla cheti hakijatoka atajwe jina kwenye shukrani, sambamba na aliyechimba udongo na aliyelipia safari. Na wewe msomaji, siku utakapoletewa namba inayokufurahisha, uliza imetoka wapi kabla hujaitumia.