Programu Inayohesabu Maneno Yangu

Toleo la 13 la Final Draft, lililotoka 2024, limekuja na saa ndani yake. Unaiwasha, unaandika mbio kwa muda uliojipangia, muda ukiisha unapumzika. Kuna pia malengo: unaiambia programu unataka kufika wapi, nayo inakuonyesha umebakisha kiasi gani. Halafu kuna takwimu za kazi yako.

Wacha nianze na mazuri. Emoji sasa zinakaa ndani ya skripti. Unaweza kudhani ni upuuzi, lakini jaribu kuandika hadithi ya Nairobi ya leo ambayo hakuna mtu anayetuma meseji. Mapenzi mengi huanza, hukorogeka na kuisha kwenye simu. Kale kauso kanakocheka hadi machozi, kakitumwa mahali pa jibu, kanaweza kubeba onyesho zima. Kuna pia mtindo wa taipureta, unaoweka mstari unaoandika katikati ya skrini. Ni kitu kidogo, ila shingo itashukuru.

Ugomvi wangu ni na hesabu.

Mhusika amechelewa steji, na makanga anamwambia: "Hatutakusubiri." Neno moja. Mwingereza atahitaji kama maneno 6 kusema hilo hilo. Ndani ya neno letu tumo sisi, umo ukanushi, umo wakati ujao, umo wewe, na kitendo chenyewe. Sasa ukijiwekea maneno 1,000 kwa siku kwa sababu ndicho kipimo cha mwandishi fulani wa Marekani, umejibebesha mzigo mzito kuliko wake, na jioni namba itakuambia wewe ni mvivu. Mbaya zaidi, utaanza kuijaza. Mazungumzo yananenepa. Mhusika ambaye angenyamaza anaanza kujieleza.

Ukurasa nao una hila zake. Kanuni ya Hollywood ni ukurasa 1 kwa takriban dakika 1, kwa herufi za Courier saizi 12. Kama makadirio ya prodyuza, sawa. Lakini "Anasubiri matatu hadi giza linaingia" ni mstari mmoja tu, na mwongozaji anaweza kukaa hapo dakika 2. Kisha kuna siku ya kutoa kurasa 4 mbovu. Mara nyingi hiyo ni kazi ngumu kuliko kuongeza 4, lakini lengo la kuongeza kurasa haliwezi kukupongeza.

Mimi niliacha chuo, na kati ya vitu nilivyovikimbia ni insha za kupimwa kwa urefu. Siku hizi naishi kwa vibarua vya kuandika. Hakuna anayenilipa kwa maneno niliyopiga. Nalipwa skripti ikikubaliwa. Ndiyo maana hiyo saa naipenda. Inapima muda niliokaa kitini, jambo ambalo liko mikononi mwangu, na haijifanyi kujua kama onyesho ni zuri.

Kwa hivyo ukiandika kwa Kiswahili, pima kazi yako kwa dakika au kwa maonyesho, maneno yaache. Na kama huna pesa za leseni, usikwame. Fountain ipo tangu 2012, ni bure, na ni maandishi ya kawaida unayoweza kuyaandika hata kwa simu. Saa nayo, simu hiyo hiyo inayo.