Redio "Iliyokufa": Tashihisi na Ukweli katika Kumbukumbu za Mafundi wa Butembo na Beni

Masimulizi kuhusu karakana za kale za redio na televisheni ni utanzu wa fasihi simulizi ya mijini ambao aghalabu hupitwa na wahakiki. Katika Butembo na Beni, Kivu ya Kaskazini, ambako Kiswahili huishi bega kwa bega na Kinande na Kifaransa, masimulizi hayo huegemea tamathali moja kuu, nayo ni tashihisi. Redio "hulia", "hukohoa", kisha "hufa"; fundi "huifufua".

Tamathali hii si pambo tupu, kwani imezaliwa na kazi yenyewe. Fundi alianza kwa kusikiliza, mithili ya mganga na mgonjwa wake. Mkwaruzo wakati wa kupandisha sauti ulidokeza vumbi katika kidhibiti sauti; sauti iliyorejea redio ilipogongwa ilidokeza kiungo cha risasi kilichoachia; mvumo mzito katika redio ya umeme ulidokeza kapasita iliyochoka. Sikio ndilo lililotangulia bisibisi.

Dosari ya masimulizi haya ni kauli yao ya kudumu kwamba vitu vya zamani havikuharibika. Lau ingekuwa hivyo, fundi angekula nini? Subira inayosifiwa ilikuwa pia mwana wa uhaba. Baada ya Mobutu kutangaza, mwezi Novemba 1973, kutwaliwa kwa biashara za wageni, biashara ya Zaire ilivurugika na bidhaa zikaadimika. Penye uhaba, redio mbovu hugeuka ghala la vipuri, na betri zilizochoka huanikwa juani. Vilevile, husahaulika kuwa televisheni ya kioo kizito iliweza kuhifadhi umeme mkali hata baada ya kuzimwa, ukamdhuru fundi asiye mwangalifu.

Hata hivyo, mhakiki asiharakishe kuyabeza. Wakazi wa eneo hili wamepitia vita, mauaji ya raia wilayani Beni tangu 2014, na mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020. Katika nyakati hizo, habari ya njia gani ni salama au ugonjwa umefika wapi ilikuwa suala la uhai. Hapo kitenzi "kufufua" huacha kuwa chuku.

Kwa hiyo, thamani ya kumbukumbu hizi haimo katika kuililia jana. Imo katika kuhifadhi maarifa ya kusikiliza, na lugha iliyoyabeba.