Mkondo Uliobaki: Jinsi Kihisio cha Volteji cha Neva Kilivyopimwa

Utando wa seli ya neva una unene wa nanomita 4 hivi. Neva ikiwa imetulia, ndani yake ni hasi kuliko nje kwa takriban milivolti 70. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini kwa utando mwembamba kiasi hicho inazaa uga wa umeme unaozidi volti milioni 15 kwa mita. Chaji yoyote iliyomo ndani ya utando itasukumwa kwa nguvu kubwa kila volteji inapobadilika.

Alan Hodgkin na Andrew Huxley waliijengea hoja chaji hiyo mwaka 1952, walipochunguza neva nene ya ngisi. Waliona kwamba upitaji wa sodiamu huongezeka takriban mara 2.7 kwa kila badiliko la milivolti 4. Chaji moja haiwezi kufungua lango linalopitisha sodiamu kwa ukali huo; hesabu ilidai kama sita. Chaji hizo zikisogea, zenyewe ni mkondo wa umeme. Lakini vifaa vyao havikuuona.

Ugumu ulikuwa wa aina mbili. Lango likifunguka, ioni humiminika kwa wingi na kuufunika mkondo wa lango lenyewe. Isitoshe, utando ni kapasita: ukibadilisha volteji, chaji hujipanga pande zake mbili hata kama hakuna lango lililosogea.

Clay Armstrong na Francisco Bezanilla waliyatatua yote mawili mwaka 1973, na ustadi wao ulikuwa katika kuondoa. Kwanza, badala ya sodiamu na potasiamu waliweka ioni zisizopita kwa urahisi katika chaneli, yaani njia za ioni zenye malango hayo. Kisha waliipa neva mipigo miwili ya volteji yenye ukubwa sawa, mmoja wa kupandisha na mwingine wa kushusha. Kapasita ya kawaida huitikia mipigo hiyo kwa mikondo iliyo sawa na inayopingana, kwa hiyo ukiijumlisha unapata sifuri. Lango haliko hivyo. Likiwa tayari limefungwa, kushusha volteji zaidi hakulisogezi; kupandisha ndiko kunakolisogeza. Walirudia mipigo na kujumlisha matokeo mpaka kelele za vifaa zikapungua. Kilichobaki kilikuwa mkondo mdogo, wa muda mfupi sana.

Je, kweli ulikuwa wa lango? Hapa ndipo ninapouheshimu zaidi utafiti huu, kwa sababu dai lake lilikuwa na majaribio ambayo lingeweza kuyashindwa. Chaji iliyotoka ilipaswa kurudi kwa kiasi kilekile volteji inaporudishwa, nayo ikarudi. Ilipaswa kuwa na kikomo, kwa kuwa idadi ya malango ina kikomo, nayo ikafika kikomo. Hata tetrodotoksini, sumu ya samaki bunju inayoziba mdomo wa chaneli ya sodiamu, huzuia ioni bila kuuzima mkondo huo.

Umbo la kihisio, yaani sehemu ya chaneli inayosukumwa na volteji, lilianza kuonekana mwaka 1984, timu ya Shosaku Numa huko Kyoto iliposoma mpangilio wa asidi amino 1,820 za chaneli ya sodiamu ya mkunga wa umeme. Katika kipande kinachoitwa S4, kila nafasi ya tatu ilikaliwa na arijinini au laisini, zote zenye chaji chanya. Miaka ya 1990 watafiti walibadilisha baadhi ya arijinini hizo kwa sisteini, ambayo hushikwa na kemikali maalumu. Baadhi ya nafasi zilifikiwa kutoka ndani ya seli utando ulipotulia, na kutoka nje volteji ilipopandishwa. Ilikuwa wazi kwamba S4 inasogea.

Nadharia ya 1952 ilikuwa nzuri tangu mwanzo. Iliyoigeuza kuwa maarifa ni kazi ya subira ya kuondoa kila mkondo mwingine, mmoja baada ya mwingine. Faida yake imefika hospitalini. Katika baadhi ya familia zenye ugonjwa wa kupooza kwa vipindi, unaoambatana na kushuka kwa potasiamu katika damu, arijinini moja ya S4 katika chaneli za misuli imebadilika. Njia ambayo kihisio hupitia huvujisha ioni, na msuli hushindwa kuitikia amri ya neva. Bila kujua kwamba arijinini hiyo ndiyo inayosukumwa na volteji, daktari angekuwa na jina la ugonjwa tu, bila sababu yake.