Maywood: Mji Uliokodi Polisi
Wapo wanaodai kuwa mji kukodi huduma za umma ni kubana matumizi tu. Tuuchambue mfano wa Maywood, mji mdogo wa wafanyakazi huko California, Marekani. Mwaka 2010, baada ya kesi dhidi ya polisi wake kuukosesha bima, karibu watumishi wake wote waliachishwa kazi. Ulinzi ulikabidhiwa kwa sherifu wa Kaunti ya Los Angeles. Polisi wale walistahili kuondolewa, hilo hatulipingi. Lakini sherifu huchaguliwa na kaunti nzima, yenye watu wapatao milioni 10. Kura za Maywood, mji uliokuwa na watu 27,000 hivi mwaka 2010, humezwa humo. Hivyo umma ulioonewa na polisi wake ulipewa polisi ambao hauwezi kuwawajibisha. Kazi yaweza kukodishwa; madaraka ya umma yakikodishwa yamepotea.